Mbunge Hakutumwa Kugawa Basari

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mkutano wa tawi. Watu kama arobaini, viti vya plastiki, jua kali, soda hakuna. Ajenda ilikuwa moja tu: tunataka mtu wa aina gani apeperushe bendera ya chama katika eneobunge letu 2027? Mikono ikapanda. Wa kwanza akasema anataka mtu ambaye ukimpigia simu anashika. Wa pili anataka basari zitoke bila kuangalia jina la ukoo. Wa tatu, lami mpaka sokoni. Wa nne, dada mmoja anayeuza mitumba, akasema yeye anataka mtu ambaye akifiwa atamwona matangani. Tukaendelea hivyo karibu saa nzima.

Saa nzima hiyo hakuna aliyetaja sheria. Hakuna aliyetaja bajeti. Hakuna aliyeuliza mtu huyo atapiga kura vipi akiwa kule ndani. Na wacha niseme ukweli, hata mimi ninayeandika tahariri hii nilikuwa nimekaa pale mbele na daftari langu, na sikuuliza. Nilishtuka nikiwa kwa matatu nikirudi nyumbani.

Sisi ndio kizazi cha Juni 2024, makomredi. Sisi ndio tuliosoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama ili nyanya zetu wauelewe, tukawasalimia wabunge kwa simu mpaka wakazima laini. Sasa miaka imesonga kidogo tu na tukiulizwa mbunge ni wa nini, tunajibu kama walivyojibu wazazi wetu zamani: wa kutupa pesa. Kuna mtu anafurahia sana tukijibu hivyo, na hayuko kijijini kwetu.

Hebu turudi kwa Katiba yenyewe. Kifungu cha 95 ni kifupi, unaweza kukisoma ukingoja chapati iive. Kinasema Bunge la Kitaifa linawakilisha watu wa maeneobunge na makundi maalum. Linajadili na kuamua mambo yanayowahusu wananchi. Linatunga sheria. Linaamua mapato ya taifa yatagawanywa vipi kati ya serikali kuu na kaunti. Linaidhinisha pesa za matumizi ya serikali kuu na asasi nyingine za kitaifa, na linasimamia jinsi pesa hizo zinavyotumika. Linachunguza mwenendo wa Rais, Naibu wake na maafisa wengine wa serikali, na ndilo linaloanzisha mchakato wa kuwaondoa. Linaidhinisha kutangazwa kwa vita na kuongezwa kwa muda wa hali ya hatari.

Tafuta neno basari humo. Tafuta matanga. Tafuta harambee ya kanisa. Utatafuta hadi kesho.

Watu huliita bunge la chini kwa sababu kuna Seneti, na jina hilo linapotosha kidogo. Seneti ina kazi yake kubwa ya kulinda kaunti, na ndiyo inayosikiliza kesi Rais au Naibu Rais akishtakiwa. Lakini ukija kwa pesa, mambo huanzia kwenye lile bunge la watu 349 na Spika wao: 290 wa maeneobunge, 47 akina mama wawakilishi wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Mswada wa fedha hauwezi kuzaliwa Seneti. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru utakaotozwa ila kwa sheria. Kwa hivyo Waziri wa Fedha anaweza kuwa na ndoto zozote kuhusu mkate wako, mafuta ya kupikia yako na bando lako la intaneti, lakini kabla hajagusa hata senti moja lazima apite kwa mlango wa hao 349. Hawa ndio wanaoshika ufunguo wa sanduku. Sasa jiulize kwa nini mtu mwenye ufunguo wa sanduku lote amefanywa ajivunie kugawa sarafu.

Ni kwa sababu inawafaa wakubwa. Hazina ya maeneobunge ilianza 2003, wakati wa Kibaki, na sitasema haikufanya kitu. Kuna madarasa tuliyosomea sisi wenyewe yamejengwa nayo. Kwa sheria ya 2015, asilimia 2.5 au zaidi ya mgao wa serikali kuu huenda huko. Lakini angalia kilichotokea kwenye akili zetu. Mtu aliyepaswa kuikagua serikali akawa sehemu ya serikali inayogawa. Nani atamkagua sasa? Anayeidhinisha pesa, anayezitumia na anayepaswa kuuliza zilikoenda wamekuwa jamaa mmoja. Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya 2013 Agosti 2022. Septemba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema hata ile ya 2015 inakiuka Katiba. Na wabunge wetu walifanya nini? Mwaka 2025 walipitisha mswada wa kubadilisha Katiba ili hazina hiyo ikae humo daima, na siku hiyo hukusikia habari ya upinzani wala serikali. Walikuwa kitu kimoja, wa kwetu na wa kwao, kifua mbele. Ukitaka kujua mbunge anathamini nini, angalia siku anayofika mapema.

Hapo nitawaudhi wengine wetu, najua. Kuna kijana ataniambia: bila basari hiyo mimi singemaliza kidato cha nne. Sawa ndugu yangu, nakubali kabisa. Lakini ada ya shule yako ingekuwa shilingi ngapi kama pesa za elimu zingetengwa vizuri na kufika shuleni kwa wakati? Hiyo nayo ni kazi ya Bunge la Kitaifa, na mbunge wako anaifanya, au haifanyi, kila mwaka. Anakunyima kwa mkono wa kulia ndani ya kamati, halafu anakupa kidogo kwa mkono wa kushoto mbele ya kamera. Wewe unapiga makofi.

Tuongee kuhusu kalenda, maana hapa ndipo tunapopigwa bao kila mwaka. Sisi huamka Juni. Mswada wa Fedha ukitoka tunaanza kelele, na kelele zetu zina maana, ziliwahi kuiangusha karatasi nzima. Lakini kufikia Juni, mambo mengi yashapikwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka Taarifa ya Sera ya Bajeti ifike Bungeni kufikia Februari 15, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Humo ndimo viwango vya juu vya matumizi vinapowekwa: elimu hapa, ulinzi hapa, afya hapa, Ikulu hapa. Halafu kufikia mwisho wa Aprili makadirio yenyewe yanaletwa, na Kifungu cha 221 kinailazimisha kamati ya bajeti kutafuta maoni ya wananchi kabla ya kulirudishia Bunge ripoti. Ushuru wa Juni ni wa kujaza shimo ambalo lilichimbwa Februari. Niulize basi: Februari iliyopita, wangapi kati yetu walijua kuna karatasi mezani? Tulikuwa bado tunamaliza stori za Krismasi.

Hata ikipita bajeti yote, kuna mlango wa nyuma. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia pesa ambazo hazikuidhinishwa, au zilizozidi zilizoidhinishwa, halafu ije Bungeni ndani ya miezi miwili kuomba idhini. Kina mipaka, kwa kawaida isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichopitishwa mwaka huo. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura, na njaa au mafuriko hayangoji kalenda. Lakini imekuwa mazoea, bajeti ya nyongeza baada ya bajeti ya nyongeza, na Bunge linaulizwa kubariki mlo ambao ushaliwa na sahani zishaoshwa. Mbunge wa upinzani anayejua kazi yake angeshinda siku nzima kwenye mlango huu. Angeuliza tu: dharura ilikuwa gani? Swali la maneno matatu.

Na baada ya pesa kutumika? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaandika ripoti yake. Kifungu cha 229 kinasema Bunge, likishaipokea, lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Miezi mitatu. Uliza kamati ya hesabu za umma inashughulikia mwaka gani sasa hivi, utakuta mara nyingi wanamhoji katibu wa wizara kuhusu pesa zilizopotea wakati katibu huyo hakuwa hata kwenye wizara hiyo. Aliyekula alishahama. Na madhara hayaishii hapo. Mgao wa kaunti, ile asilimia 15 ambayo ndiyo kiwango cha chini kabisa, Katiba inasema unapigiwa hesabu kwa mapato ya mwaka wa karibuni ambao Bunge la Kitaifa limeidhinisha hesabu zake zilizokaguliwa. Likichelewa, kiwango hicho kinapimwa kwa mapato ya miaka iliyopita wakati bei ya dawa ni ya leo. Kwa mgao wa 2025/26 bunge hili lilitaka kaunti zipewe bilioni 405, Seneti ikasema 465, wakavutana hadi kamati ya upatanishi, ikaishia 415. Daktari wa kaunti yako anapogoma, sehemu ya mgomo huo ilianzia kwenye chumba cha kamati Nairobi ambako mbunge wako alikuwa au hakuwa.

Sasa tuje kwa kitu kinachouma. Kazi ya kuikagua serikali inategemea sana upinzani. Kwa desturi ya mabunge mengi mwenyekiti wa kamati ya hesabu za umma hutoka upande usiotawala, kwa sababu aliye serikalini hawezi kujihoji mwenyewe. Sasa kumbuka Agosti 2024. Bado kulikuwa na familia zilizokuwa zikitafuta watoto wao. John Mbadi, aliyekuwa akiongoza kamati hiyo, akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi, kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa, akaapishwa kuwa Waziri wa Kawi. Ndani ya mwezi mmoja mkaguzi mkuu wa upinzani alikuwa amekalia kiti cha yule aliyepaswa kumkagua, na aliyepaswa kuongoza upinzani ndani ya jumba alikuwa mezani pamoja na Rais. Waliita serikali jumuishi. Sisemi walivunja sheria, maana Katiba inamtaka mtu aache kiti cha ubunge akiingia Baraza la Mawaziri, na waliacha. Nasema tu waone wenyewe ni nini kilibaki upande wetu wa jumba: viti.

Nawasikia wengine mkisema, kwani hata wangebaki wangefanya nini, namba hatuna. Hii sentensi, "namba hatuna", imekuwa kitanda cha kulalia. Hebu tupige hesabu.

Juni 20, 2024, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, 204 walisema ndio na 115 wakasema la. Juni 25, siku ile, kura ya mwisho ilikuwa 195 kwa 106. Soma tena hizo namba polepole. Kati ya siku hizo mbili, huku nchi nzima ikiwa barabarani, waliosema la walipungua kwa tisa. Walipungua! Na ukijumlisha ndio na la unapata 301 kati ya viti 349. Zaidi ya viti 40 havikusikika upande wowote. Wengine walikuwa na sababu, wagonjwa wapo, safari zipo. Lakini wote? Siku kubwa kuliko zote za bunge hilo? Sisi tulibandika majina ya waliosema ndio kila ukuta, na tulifanya vizuri. Majina ya waliokosa tuliyasahau, na kati yao wapo walioomba kura kwa jina la upinzani.

Tusisahau pia kilichofuata. Siku hiyo hiyo tangazo likatolewa la kuleta wanajeshi kusaidia polisi. Kifungu cha 241 kinasema jeshi haliwezi kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi bila idhini ya Bunge la Kitaifa. Bunge likaletewa hoja kesho yake, Juni 26, likaidhinisha. Fikiria hilo jumba, moshi bado unanuka kwenye korido, damu nje ya ua haijakauka, na swali lililo mbele yao ni kama bunduki zaidi ziongezwe. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mtu kusimama na kuuliza: wapi, kwa siku ngapi, kwa amri ya nani, na nani atawajibika? Baadhi walisimama, wapewe heshima yao. Hawakutosha. Rais alikataa kuutia saini mswada siku hiyo hiyo na kuurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe, na bado tunaambiwa ni yeye aliyesikiliza. Bunge ndilo lililopaswa kusikiliza kwanza. Ndilo linalotuwakilisha sisi, yeye ana kazi yake nyingine.

Kwa hivyo si kwamba hawana uwezo. Wakitaka, wana kasi ya ajabu. Oktoba 2024 hoja ya kumbandua Rigathi Gachagua iliwasilishwa tarehe mosi, ikapigiwa kura tarehe 8, wabunge 282 wakaunga mkono na 44 wakapinga. Tarehe 17 Seneti ikamaliza. Tarehe 18 jina la Kithure Kindiki likaletwa asubuhi na kupitishwa siku hiyo hiyo. Sikuja hapa kumtetea Gachagua wala kumzika, kila mmoja ana maoni yake na kwenye tawi letu hatukubaliani. Ninaangalia saa tu. Siku 18 kumtoa mmoja na kumwidhinisha mwingine.

Sasa linganisha na mbolea feki. Wakulima walinunua magunia kwa mpango wa ruzuku ya serikali wakapanda kitu ambacho si mbolea. Mei 2, 2024, Bunge la Kitaifa likapiga kura 149 kwa 36 kuendelea na hoja ya kumwondoa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Vizuri! Mfumo ukafanya kazi kama ulivyoandikwa: Kifungu cha 152, kamati ya watu 11, siku chache za kusikiliza. Halafu kamati ikagawanyika saba kwa wanne, ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Hoja ikafa hapo, kwa sababu kamati ikisema hivyo Bunge haliwezi kupiga kura tena. Kura 149 zilimezwa na kura saba. Waziri huyo alikuja kuondoka Julai, pale Rais alipofuta karibu Baraza lote kwa presha yetu ya barabarani. Ukitaka kujua kwa nini ninasema vita viko kwenye kamati na si kwenye jukwaa, kumbuka hao saba. Nani aliwachagua waingie kwenye kamati? Viranja wa vyama. Vyama vyote, kikiwemo hiki chetu, vina viranja.

Wachache wakijua kazi wanaweza kufanya mengi. Akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50. Hamsini tu kati ya 349 wanatosha kuendesha shughuli za taifa, na kuna Jumatano jioni ambapo hata hao hamsini hawapatikani kengele inalia mpaka inachoka. Mbunge mmoja anaweza kudai hesabu ya kichwa. Wachache wakisimama wanaweza kulazimisha kura ihesabiwe jina kwa jina badala ya ile kelele ya ndio na la ambayo Spika anaamua kwa sikio. Mbunge anaweza kuleta mswada wake binafsi, anaweza kuuliza swali linalomlazimu waziri afike ajibu, anaweza kuandika maoni ya wachache kwenye ripoti ya kamati ili siku kesi ikifika mahakamani, jaji ayakute. Na Kifungu cha 103 kinasema mbunge anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na bila sababu ya kuridhisha, anapoteza kiti. Sheria hiyo ipo. Inaumwa na usingizi tu.

Na sisi je? Kifungu cha 118 kinataka Bunge lifanye kazi wazi na kuwashirikisha wananchi, cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Kila mtu, hata wewe uliye na simu iliyopasuka kioo. Ila tusijidanganye kuhusu kuandika maoni na kutulia. Mahakama ya Rufaa ilipoifuta Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge linapaswa kutueleza kwa nini limekubali au kukataa maoni yetu. Tulishangilia. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo, na kuhusu hili ikasema hakuna mahali Bunge limelazimishwa wazi kutoa sababu hizo. Maana yake kwa lugha ya mtaa: utaandika, watapokea, watanyamaza, na ni halali. Njia iliyobaki ya kupata sababu ni kumfuata mbunge wako mwenyewe na kumuuliza uso kwa uso, mahali ambapo anahitaji kura yako.

Mahali hapo ni mchujo wa chama. Si Agosti 2027. Katika maeneo mengi ya nchi hii, kiti kinaamuliwa kwenye mchujo, na mchujo ndiyo kura ambayo sisi vijana wa chama tuko wengi kuliko mtu yeyote. Tukienda huko na orodha ile ya mkutano wa tawi, simu, lami, basari na matanga, tutapata watu wanaotoshana na orodha hiyo. Watajua kuzika vizuri. Februari 15 ikifika watakuwa kwenye harambee.

Basi baada ya ule mkutano tulikaa watu sita, tukanunua karatasi moja kubwa ya manila. Tukachora safu. Tarehe, hoja, alipiga kura gani, alikuwa kwenye kamati au hakuwa. Hansadi ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge, na hata Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa zimetolewa kwa Kiswahili, kwa hivyo ile hoja ya lugha ngumu imekufa. Tulianza na mheshimiwa wetu, wa chama chetu, maana tulimchagua sisi na ni rahisi kujua adui amefanya nini kuliko kujua wako amefanya nini. Kazi ilituchukua jioni nne. Kuna mahali aliongea vizuri sana kuhusu maji, tukaandika. Kuna safu ina mapengo mengi, tukaandika pia.

Tukamtumia ujumbe kumwalika kwenye mkutano wa Jumamosi hii aje ajaze mapengo kwa mdomo wake. Msaidizi wake akajibu kwamba mheshimiwa ana ratiba ngumu lakini atatuma mwakilishi na kitu kidogo cha vijana.

Tumemjibu kwamba kitu kidogo abaki nacho, na kwamba ile karatasi tutaibandika ukutani hata kama hatakuja. Mkutano ni saa nane mchana, pale pale. Dada wa mitumba amesema atakuja na swali.